Pumzi Katika Santuri ya Mwanza

Hapana Mama, huo sio umbea. Umbea ni kumsema mtu ili mdomo wako ufurahi. Mimi nataka kumpelekea mzee kitu ambacho ni cha kwake, sasa mdomo mrefu unatoka wapi? Na hilo la ahadi nimelisikia. Umelisema kwenye basi, umelisema kwenye lifti, umelisema tena hapa jikoni hata koti hujavua. Ndiyo, Bibi Gulu aliniambia nisimwambie mdogo wake, na mimi nikasema sawa bibi. Ulikuwepo, ulikuwa kiti cha mbele unamwelekeza dereva, ukasikia. Lakini alikuwa na sababu ya kuniambia vile, na sababu yenyewe iliisha kabla hata yeye hajafariki. Hapo Mama akageuka na sufuria mkononi, akaniuliza, "We ndio wa kuamua sababu ya mtu mzima imeisha? We, Sifa? Uliyemaliza shule juzi?" Nikamwambia sijamaliza juzi. Akasema kwake yeye ni juzi. Basi nimekaa mezani naandika, yeye anapiga pasi yunifomu ya kazini na kila akimaliza mkono mmoja wa shati ananiangalia. Tumetoka kumpa pole Anko Sadru, huyo mdogo wake, kule Thorncliffe. Kuna neno alilisema pale mlangoni tukiwa tunavaa viatu, na tangu nilisikie sijatulia. Nitalifikia. Nikianza na hilo nitaharibu.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza sekondari. Chuo kiliniambia nisubiri mpaka mwaka unaofuata, na mimi kusubiri ni ugonjwa. Nyumbani Etobicoke, hapa Toronto, nilikuwa nafungua friji nafunga, nafungua nafunga, mpaka Mama akasema nitaiharibu, twende kazini. Kazi yake ilikuwa kumhudumia Bibi Gulu, ambaye alivunjika nyonga na kuishi na mdogo wake Sadru, wote wawili wazee, wote wawili wamefiwa na wenzi wao, kwenye ghorofa moja refu la Thorncliffe Park ambalo ukitoka kwenye lifti unajua kila mlango unapika nini. Wao ni Wahindi wa Mwanza, Waislamu wa Ismailia. Walikuja Kanada wakiwa watu wazima na Kiswahili chao kizima, na waliongea na Mama kwa raha mpaka mtu angedhani ni wa nyumba moja. Anko Sadru aliposikia kuwa najua kompyuta akatoa sanduku chini ya kitanda, limejaa santuri za zamani zimefungwa kwenye magazeti. "Mtoto wa shule," akasema, "hizi niwekee huko ndani kabla sijafa." Bibi Gulu akasema kutoka jikoni, "Kila siku unakufa, Sadru. Njoo kwanza unywe chai."

Ile sebule naiona hata sasa. Zulia jekundu limefifia pale jua la dirishani linapopiga, makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe, mashine ya santuri juu ya kabati la vyombo ambavyo havikuguswa na mtu. Harufu ya binzari na mihogo ya kukaanga, ile wanayonyunyizia pilipili na ndimu, wenyewe wanaiita mogo. Na picha moja ukutani: kijana amevaa suti, nywele zimelazwa kwa mafuta, ameweka mkono mmoja juu ya piano. Huyo ni Amir, kaka yao, mtoto wa kwanza. Alishafariki miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Na santuri ya maana kuliko zote kwenye lile sanduku ilikuwa yake. Lebo ya kijani, imechubuka pembeni, imeandikwa kwa herufi kubwa, AMIR, PIANO. Baba yao alikuwa na duka la redio na santuri mjini Mwanza, na mwaka mmoja kabla ya uhuru alipata mashine ya kurekodi. Akaipeleka kwenye ukumbi wa hoteli iliyokuwa na piano, akarekodi, akatuma nje zikatengenezwa santuri chache. Muziki wenyewe ni ragtime. Kama hujawahi kusikia, ni muziki wa zamani sana wa Wamarekani weusi: mkono wa kushoto unatembea kama mtu anayekwenda sokoni na anajua anachokwenda kununua, halafu wa kulia unamzungukazunguka, unachelewa makusudi, unamtania. Noti zake za karatasi zilifika Mwanza sijui na nani. Anko Sadru akiiweka ile santuri alikuwa anasimama. "Sikia mkono wa kushoto huo! Sikia! Kaka yangu huyo. Mwanza nzima nani mwingine?" Bibi Gulu jikoni: "Punguza, majirani." "Majirani wanafaidi bure, dada!" "Wafaidi na wewe ukiwa umekaa. Moyo wako huo."

Mimi ndiye niliyeona kwanza ile nafasi. Kwenye kompyuta muziki unaonekana kama vilima, na kila kipande cha wimbo kilipokuwa kinaisha, kabla cha pili hakijaanza, vile vilima vilikuwa vinalala kidogo, kidogo tu, kama mtu amejikwaa lakini hajaanguka. Nikamwita Anko. "Vumbi hiyo," akasema. Nikamwambia vumbi gani linajua wimbo unaishia wapi. "Basi sindano." Sindano nayo inajua? Akanitazama juu ya miwani. "Huyu mtoto wenu, Mama Sifa, ana mdomo." Nikamsikia Bibi Gulu anacheka huko jikoni, kicheko kifupi cha puani. Sikujiuliza anacheka nini. Leo ndio najiuliza. Mwaka mzima yule bibi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anamenya mihogo, na sisi tunabishana juu ya mikono ya nani.

Kwa ruhusa ya Anko niliuweka ule wimbo mtandaoni, na majira ya kuchipua akatutafuta mzungu mmoja wa hapahapa Toronto, Bwana Martin, ambaye maisha yake yote ni ragtime. Alikuwa anaandaa albamu ya ragtime zilizorekodiwa nje ya Marekani. Mtu mpole, soksi zake zina tundu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisikiliza amefumba macho. Halafu akauliza kama kuna kitu kingine alichopiga Amir, alinganishe. Anko Sadru kwa furaha akaleta tepu ya harusi ya binamu yao, Amir akipiga wimbo uleule. Nilikuwa sijaisikia. Wallahi, hata mimi nisiyejua piano nilijua. Yule wa kwenye tepu alikuwa anakimbia kama amefukuzwa na mbwa, mkono wa kushoto unapotea, wa kulia unaukanyaga, na mwishoni watu wanapiga makofi ya huruma. Bwana Martin akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba hii sio mikono ya mtu mmoja. Akasema wenye maduka zamani walikuwa wananunua santuri za Marekani, wanabandika lebo zao, wanauza. Kwamba huenda na hii ni hivyo. Ile nafasi akasema ni hitilafu ya mashine. Anko Sadru akasimama. "Unasema baba yangu mwizi? Nyumbani kwangu, mogo yangu mdomoni?" Mzungu akawa mwekundu, akaomba radhi, akamgeukia Bibi Gulu aliyekuwa anaingia na sahani na kigari chake cha kutembelea, akapaza sauti kama vile bibi yuko ng'ambo ya barabara: je, aliwahi kumwona kaka yake akiurekodi? "Nilikuwepo," Bibi Gulu akasema. Basi. Akamwongezea mogo. Bwana Martin akashukuru, akaendelea kuongea na Anko. Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Mimi na mdomo wangu wote, hata mimi sikumuuliza.

Ikaja ile Jumamosi ya kiangazi. Anko Sadru alikuwa amekwenda Calgary kumwona mwanawe, na Mama ndiye amebaki na Bibi Gulu, na Mama hawezi kukosa mazoezi ya kwaya hata akiwa na homa. Tukamchukua. Kanisa letu Etobicoke ni ukumbi uliokuwa ghala, viti vya plastiki, feni zinazopiga kelele kuliko sauti ya pili. Mpiga kinanda wetu Ezekieli alikuwa amebanwa kwenye mizigo uwanja wa ndege, shifti imeongezwa. Kwa kawaida asipokuja tunawasha ile ngoma ya ndani ya kinanda, inapiga peke yake, tunaifuata. Ile ngoma haina huruma. Mwalimu wa kwaya anapiga kelele "Pumzi! Pumzi hapo!" lakini ngoma imeshakwenda, na akina mama wamebaki na midomo wazi kama samaki. Bibi Gulu alivumilia ubeti mmoja. Halafu akasukuma kigari chake mpaka mbele, akamuuliza mwalimu, "Hii kitu inazimwa wapi?" Akaizima mwenyewe. Akakaa. Akauliza wanaimba kwa ufunguo gani, akasema anaujua wimbo, aliufundishwa na masista.

Vidole vyake vilikuwa vimepinda, nilidhani atabonyeza mara mbili tatu aache. Akaanza. Mwisho wa mstari wa kwanza, mikono yake ikasimama. Sio kusimama kwa kusahau. Ilikuwa kama mtu anayekushikia mlango. Kwaya nzima ikavuta pumzi, wote, kwa pamoja, hata mama mmoja wa sauti ya tatu ambaye kifua chake kibovu, na mstari wa pili ukatoka kama hatujawahi kuuimba. Mwalimu alitoa kitambaa akajifuta uso. Mimi nilikuwa na simu mkononi, kwa sababu kwaya yetu inarekodi kila mazoezi na kuyatuma kwenye grupu, maana siku zote nusu ya sauti ziko kazini na wanajifunzia kwenye basi. Nilikuwa naangalia vile vilima vya sauti kwenye kioo cha simu. Mstari unaisha, vinalala kidogo. Mstari unaisha, vinalala kidogo. Vilevile kama kwenye santuri. Wimbo ulipoisha watu wakaanza kukusanya mikoba yao, na Bibi Gulu akabaki pale, na mkono wa kushoto peke yake ukaanza kutembea, ule ule, mtu anakwenda sokoni. Akaongeza wa kulia. Kipande kimoja tu. Na mwisho wake akasubiri, ingawa hakukuwa na mtu anayeimba.

Kwenye teksi sikuweza kungoja tufike. Nikasema, "Bibi, ni wewe." Mama akanigeukia, "Sifa!" Bibi Gulu akaangalia dirishani, magari ya barabara kuu yanapita. Akasema masista walikuwa na sheria moja kwenye shule yao ya wasichana: anayepiga piano anamsubiri yule mwenye pumzi fupi kuliko wote. Alipiga nyimbo za kanisani kila asubuhi miaka yote ya shule, yeye Muislamu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mikono. "Sasa hata ukinipa muziki wa ulevi," akasema, "nitasubiri tu. Siwezi kuacha." Baba yake alimrekodi kwa sababu alijua uwezo wake. Lakini msichana kupiga piano kwenye ukumbi wa hoteli, pale penye baa, lebo yenye jina lake ingemharibia heshima mjini. Ikaandikwa Amir. Nikamuuliza kama aliumia. "Amir ndiye aliumia. Kila harusi, Amir tupigie ile yako. Anapiga, watu wanatazamana. Mwisho akaacha kugusa piano kabisa. Ile picha ukutani ni ya mwisho." Nikasema sasa tumwambie Anko, Bwana Martin ataweka jina lako, na baba yenu hataitwa mwizi. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi ingawa ni kiangazi. "Sadru alikuwa mdogo sana Amir alipoondoka nyumbani. Hamkumbuki, anaikumbuka santuri tu. Nikiichukua, kaka yake atabaki na nini? Usimwambie Sadru." Nikasema sawa bibi.

Na kama mambo yangeishia pale, Mama angekuwa sahihi, na nisingekuwa naandika haya. Lakini majani yalipoanza kuanguka Bwana Martin alituma orodha ya albamu. Wimbo wa Mwanza ulikuwemo, na mbele yake, mahali pa jina: mpigaji hajulikani. Anko Sadru aliisoma kwenye kompyuta yangu, akanyoosha kidole kwenye kioo kama anataka kufuta uchafu. Akaenda jikoni. Nilisikia kila neno, mlango ulikuwa wazi. "Dada, wewe ulikuwepo. Ni Amir, sio?" Mafuta yanachemka. "Ni Amir," akasema Bibi Gulu. "Unaapa?" "Sadru, mihogo inaungua." "Basi, inatosha," akasema Anko. Akarudi sebuleni, akatoa ile santuri kwenye mashine, akairudisha kwenye gazeti lake, akafunika mashine na kitambaa cheupe kama makochi. Tangu siku ile hakuifunua. Picha haikushushwa, lakini alihamisha kiti chake, akakaa akiipa mgongo. Nikamtazama Bibi Gulu. Alikuwa amesimama mlangoni na kigari chake, anaona. Tuliangaliana. Nilitaka aseme, nilitaka sana, miguu ilikuwa inawasha, lakini akatikisa kichwa kidogo, akaenda kuzima jiko. Alikuwa amemlindia mdogo wake kaka, na kaka akapotea vilevile, na safari hii hakuacha chochote mahali pake.

Kinachonichoma ni kwamba baada ya hapo bado kulikuwa na muda. Niliendelea kwenda. Niliketi naye jikoni, akanifundisha kukata mogo isivunjike, tukaongea habari za Mwanza, mvua, masista, viatu alivyonunuliwa vikambana. Ningeweza kumwambia bibi, mbona njia hii haikufanya kazi, tutafute nyingine. Nilifikiri kesho. Mimi, nisiyejua kusubiri kitu chochote duniani, hicho ndicho nilichokisubiri. Halafu chuo kikaniita, nikawa naenda Thorncliffe mara mojamoja, na wiki iliyopita Mama akanipigia simu akiwa analia.

Leo sebule ilikuwa imejaa watu na vikombe. Anko Sadru amepungua, shati limekuwa kubwa. Alimshika Mama mikono yote miwili, akamshukuru kwa dada yake, wakalia. Tulipokuwa tunavaa viatu akasimama mlangoni, akasema, sio kwetu hasa, kama vile anamwambia yule aliyemo kwenye lifti, "Sasa hakuna aliyebaki aliyekuwepo." Na baadaye, "Labda mzungu alisema kweli juu ya baba." Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga.

Ndio maana nasema sababu imeisha. Nimemwambia Mama hivi sasa, akiwa kwenye kola: Bibi alitaka Anko abaki na mtu. Haya, amebaki na nani? Hana kaka, hana dada, na baba yake amekuwa mwizi. Mama kaweka pasi wima. Akasema, "Hebu niwekee nisikie." Nikatafuta kwenye grupu, huko nyuma kabisa, chini ya matangazo na picha za keki, nikayaweka yale mazoezi. Jikoni kukajaa kelele za zile feni za ukumbini. Kisha Bibi Gulu anauliza hii kitu inazimwa wapi. Mama akacheka, akajishika mdomo. Kwaya ikaimba. Mwisho wa mstari nikamwona Mama, amesimama na shati mkononi, anavuta pumzi pale pale. Wimbo ukaisha, viti vikaburuzwa, na ule mkono wa kushoto ukaanza kutembea. Tukausikiliza mpaka mwisho.

"Ni kuvunja ahadi," akasema. "Usijidanganye eti simu ndiyo imesema."

"Najua, Mama."

"Na usiende na mabishano yako. Vilima sijui nini, mzungu kakosea. Mzee amefiwa."

"Najua."

"Hujui. Ungekuwa unajua usingekuwa unatikisa mguu." Akakunja ubao wa pasi. "Kuna unga kwenye kabati. Usiende mikono mitupu."

Kwa hiyo kesho asubuhi nitaamka nikande mandazi, nichukue basi la mapema kabla wageni hawajaanza kuingia. Nitamwambia Anko Sadru ukweli wa kwanza, kwamba dada yake alinikataza na mimi nimevunja, ili anikasirikie mimi na sio yeye. Nitakunja kile kitambaa cheupe, niiweke simu juu ya ile mashine, niiache kwaya iimbe na mkono ule utembee kwenda sokoni kwake. Nitakaa kwenye kiti kinachotazama picha. Na itakapofika mwisho wa kile kipande, pale Bibi anapostahi pumzi ya mtu, sitasema kitu. Sitaeleza. Hata kama chai itapoa, hata kama wageni watagonga mlango, nitafunga huu mdomo mpaka mzee apumue kwanza.